Mali Bila Daftari: Slaidi za Safari ya Bukoba na Muleba

Mali bila daftari huisha bila habari. Waliotuachia methali hii walikuwa na maduka, forodha na majahazi akilini mwao, wala slaidi hawakuijua. Hata hivyo, sijapata kauli bora zaidi ya kuipimia kazi iliyoshamiri katika miaka ya karibuni, nayo ni ile ya kuzitoa slaidi za zamani katika masanduku na kuzitia ndani ya kompyuta. Kazi hiyo husifiwa karibu kila inapotajwa, na sifa yenyewe huwa ni moja: kumbukumbu zimeokolewa. Makala haya yanakusudia kuuliza maswali mawili. Ni kumbukumbu za nani hizo? Na zimeokolewa kutokana na nini?

Mkusanyiko nitakaouhakiki una picha 160, sawa na trei mbili za duara za projekta, kila moja ikiwa na nafasi 80. Zilipigwa na mwalimu wa kigeni aliyefundisha upande wa Bukoba katikati ya miaka ya 1960. Baada ya yeye kufariki, watoto wake walizipeleka zikaskaniwe huko kwao. Jina lake silitaji, kwa kuwa familia imeomba hivyo na kwa kuwa hoja yangu haimhusu yeye peke yake. Nilikabidhiwa picha hizo katika flashi, pamoja na nakala ya daftari lake la maelezo na slaidi kumi na mbili za asili. Nilisafiri nazo hadi Bukoba, kisha Kamachumu na Muleba mjini, nikaketi na wazee tukazitazama. Haya niyaandikayo yametokana na pande zote mbili: nilichokiona mimi peke yangu kwenye kioo cha kompyuta, na walichoniambia wao.

Yafaa msomaji wa visiwani akumbuke kwamba safari ya kamera kuelekea nchi za Kagera ilianzia hapa kwetu. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwandani wa John Hanning Speke, alipiga picha mjini Zanzibar kabla ya msafara wao kwenda bara kulitafuta chimbuko la Nile. Picha hizo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za mji huu zilizosalia. Lakini msafara ulipofika Karagwe kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, Grant alikuwa amekwisha kuiacha kamera, na badala yake akashika penseli na rangi za maji. Kisha Wadachi wakaingia. Emin Pasha aliiweka ngome ya Bukoba mwaka 1890, na baada yake maafisa, mapadri na wafanyabiashara wakaja na vioo vyao vya picha. Sehemu kubwa ya picha za makoloni ya Kijerumani zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, yapata 55,000, nazo zimekwisha kutiwa katika mfumo wa dijitali. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kilinunua mwaka 2002 mkusanyiko wa Humphrey Winterton wa picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960. Hizo ni hazina za taasisi. Slaidi zinazonishughulisha mimi ni za watu binafsi, zile zilizomo vitandani chini na juu ya makabati ya watu waliowahi kufundisha, kutibu au kuhubiri kwetu, na ambazo hakuna ajuaye idadi yake.

Slaidi ni kitu cha namna ya pekee. Kodak na Agfa zilizitoa filamu za rangi za slaidi za milimita 35 mwaka 1936, na kuanzia hapo msafiri wa kawaida akaweza kurudi kwao na rangi ya udongo alioukanyaga. Picha yenyewe ni ndogo, milimita 24 kwa 36, imeshikwa na fremu ya karatasi au plastiki ya milimita 50 kwa 50. Haichapwi katika karatasi. Huhitaji chumba cha giza, kitambaa cheupe, projekta, watu waliokaa wakingojea, na zaidi ya yote huhitaji mtu wa kusema. Kwa hiyo slaidi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sauti ya mwenye safari, aliyesimama kando ya projekta akieleza nini kinaonekana na nini kilitokea kabla na baada. Kwa namna hii slaidi ina udugu na fasihi simulizi kuliko ilivyo na picha ya ukutani: msimulizi akifariki, hadithi hubaki bila ulimi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Msimulizi wa hadithi huketi na watu wake. Msimulizi wa slaidi za Bukoba alisimulia ukumbini kwa kanisa la kwao, au sebuleni kwa jamaa zake, maelfu ya maili mbali na watu waliomo katika picha. Hao hawakupata kuhudhuria, wala kumkosoa aliposema visivyo. Asiyekuwepo na lake halipo. Kasoro zote nitakazozitaja hapa chini zimetokana na hapo.

Tuanze na uzuri, maana uzuri upo. Mwalimu huyu alikuwa na jicho. Mfululizo wake unaanzia melini: MV Victoria, iliyokuwa imeanza kazi ziwani mwaka 1961, imetia nanga, na nyuma yake kisiwa cha Musira kimekaa kama mnyama aliyelala. Kisha mji wa Bukoba, maduka ya Wahindi yenye veranda, halafu gari linapanda Rwamishenye na kushika njia ya kusini. Hapo ndipo migomba inapoanza kuifunika dunia. Tunapita Muhutwe, tunapanda uwanda wa Kamachumu, tunaiona hospitali ya Ndolage, na mwisho tunafika Muleba siku ya soko. Picha moja ya ndani ya mushonge, nyumba ya nyasi ya Kihaya, imepigwa bila taa ya kamera. Mwanga umeingia mlangoni ukaishia katika mikeka, na watu waliomo wanaonekana kwa mabega na viganja tu. Nyingine ni ya mikono ya wanawake watatu wakichambua kahawa uani. Hakuna uso hata mmoja, na hata hivyo mtu hawezi kusema kwamba ni mikono ya mtu mmoja. Mpiga picha aliyeziona hizi mbili hakuwa mtalii wa kupita.

Sasa tulifungue daftari lake. Liko nadhifu, kila picha ina namba na maelezo ya mstari mmoja. Na humo ndimo tunamoona kwamba daftari laweza kuwepo na mali ikapotea vilevile. "Soko, Muleba." "Mzee mwenye kiko." "Mpishi wetu." Huyo mpishi nimemhesabu katika picha tisa. Yumo jikoni, yumo melini akishika mzigo, yumo kando ya gari lililokwama matopeni, na katika picha moja amembeba mtoto wa mwalimu mgongoni. Katika maelezo yote tisa hana jina. Mbwa wa nyumba hiyo yumo katika picha nne, na jina lake limeandikwa mara zote nne. Sidhani kwamba mwalimu alimpenda mbwa kuliko mpishi. Nadhani jina la mpishi alilijua vizuri kiasi kwamba hakuona haja ya kuliandika, na hadhira yake ya kwao hawakuwa na haja ya kuliuliza. Lakini kosa lililofanywa bila ubaya hubaki kuwa kosa, na miaka hamsini baadaye ndilo lililosalia katika kumbukumbu.

Yapo pia makosa ya maana. Picha moja inaonyesha watoto na wanawake katika nyasi ndefu alfajiri, wameinama. Maelezo yanasema: "Watoto wakicheza." Kila Mhaya niliyemwonyesha alicheka kabla sijamaliza kuifungua: wanaokota senene. Fremu ya slaidi hiyo ina muhuri wa Desemba 1965. Muhuri wa Kodak huonyesha mwezi filamu iliposafishwa, wala si mwezi ilipopigwa. Basi tukitoa majuma ya posta tunafika Novemba, msimu wa senene wenyewe. Picha nyingine ni ya kijaluba kilichonyooshwa kwa mgeni, na daftari linasema "maharagwe makavu". Hiyo ni kahawa ya kutafuna, ambayo hukaribishwa mgeni kabla ya neno lolote la shughuli. Mwalimu alipewa heshima ya nyumba akaandika mboga.

Hayo ni ya mpiga picha. Yanayofuata ni ya udijitishaji, na hapa nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu kosa la mwaka 1965 halirekebishiki kwa aliyelifanya, lakini haya yanafanywa leo.

Kwanza, mpangilio umevurugwa. Duka lililoskani lilizitoa slaidi katika trei na kuzipa namba kwa kadiri zilivyoshikwa mkononi. Faili ya kwanza ni soko la Muleba na meli imekuwa ya themanini na saba. Safari ikawa rundo. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo, lakini utungaji wa slaidi umo katika kufuatana kwake. Mushonge ile yenye giza ina maana kwa kuwa inakuja baada ya picha sita za jua kali la barabarani. Nilitumia siku mbili kuurejesha mpangilio kwa kufuata daftari, na kama nakala ya daftari isingalikuwepo, safari hiyo ingalikuwa imekwisha.

Pili, fremu zimekatwa. Skana imechukua picha peke yake, na muhuri wa mwezi, namba ya mkono na alama za kidole zilizokuwa katika karatasi hazimo. Laiti nisingalipewa zile kumi na mbili za asili, senene wangalibaki kuwa mchezo.

Tatu, rangi. Filamu nyingi za zama hizo, zikiwemo Ektachrome za mwanzo, hupoteza rangi moja kabla ya nyingine, na picha nzima ikageuka nyekundu. Programu ya kompyuta imefundishwa hilo, nayo huuondoa wekundu popote inapouona umezidi. Lakini barabara ya kupanda Kamachumu ni nyekundu kweli. Katika faili nilizopewa barabara hiyo imekuwa ya kahawia isiyo na mwenyewe, kama njia ya nchi yoyote. Mashine imeutibu udongo wa Muleba kama ugonjwa. Ili kujua wekundu upi ni wa uzee na upi ni wa ardhi, inabidi awepo mtu aliyeikanyaga ardhi hiyo, na katika chumba cha kuskania hakuwepo.

Nne, picha kadhaa zimegeuzwa upande. Slaidi hupitisha mwanga pande zote mbili, na asiyeangalia huiskani kinyume. Penye maandishi kosa huonekana mara moja. Pasipo maandishi, kisiwa cha Musira hukaa upande usio wake, na ajuaye ni yule tu aliyekua akikitazama.

Tano, kuna usafishaji wa vumbi. Skana nyingi hutumia mwanga usioonekana kwa jicho kulitambua vumbi na kulifuta. Kwa filamu nyingine njia hiyo ni nzuri, lakini kwa Kodachrome hukosea. Rangi zake huzuia mwanga huo, na mashine hudhani kwamba sehemu ya picha ni uchafu, ikaifuta. Katika picha ya wachambuzi wa kahawa, ncha za vidole viwili zimeyeyuka.

Haki inanitaka niseme pia kilichopatikana. Slaidi ikiskaniwa kwa kipimo cha nukta 4,000 kwa inchi hutoa picha yenye pikseli zipatazo milioni 21, na humo yamo mambo ambayo hata mwalimu mwenyewe hakuyaona kwenye kitambaa chake. Katika soko la Muleba yupo mwanamke amempa kamera kisogo. Ukimkuza, herufi za jina la kanga yake husomeka nusu, na nusu nyingine imefichwa na mkunjo. Sisi wa visiwani tunajua kwamba kanga haivaliwi bure, na kwamba mgongo nao husema. Mwanamke yule ndiye mtu pekee katika picha 160 aliyeandika maelezo yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu Kodachrome ambalo limenikaa moyoni. Filamu hiyo, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2009 na kukoma kusafishwa mwishoni mwa mwaka 2010, haina mfano kwa kudumu gizani. Lakini chini ya taa ya projekta hupauka upesi kuliko wenzake. Basi slaidi iliyopendwa na kuonyeshwa kila mwaka ndiyo iliyochoka, na ile iliyodharauliwa ikabaki na rangi zake zote. Katika mkusanyiko huu picha iliyopauka kuliko zote ni ya meli, na iliyo hai kuliko zote ni ya mpishi.

Je, ilikuwa lazima wasiokuwa na jina wakose jina? Hugh Tracey alipopita Bukoba mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, alinasa sauti za wapigaji enanga, na katika orodha zake tunasoma majina, akiwemo Habibu Selemani, ambaye Wahaya wengi humhesabu kuwa bingwa wa sanaa hiyo. Kwa kuwa jina lilikuwepo, wataalamu walipata pa kuanzia. M. M. Mulokozi alipoandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986 kuhusu tendi za enanga, aliwachambua manju hao kama watunzi wenye nafsi zao. Ng'ambo ya pili ya ziwa hilohilo, Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliumaliza mswada wake wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikambidi autafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nao ukachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kitereza alikitaja kila kitu kwa jina lake, chombo, mmea na samaki, kwa sababu alijua kwamba kitu kikikosa wa kukitaja hufa kabla ya mwenye kukitumia. Hayo yalifanyika kabla ya slaidi zetu au sambamba nazo. Kwa hiyo udhuru wa zama haukubaliki.

Nasi tuna mfano wetu mjini Unguja. Studio ya Capital Art, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijaza nyumba za mji huu picha za watu waliokwenda wenyewe, wakavaa watakavyo, wakalipa, wakaondoka na picha mkononi. Aliyepigwa alikuwa mwenye mali. Katika slaidi ya msafiri, aliyepigwa ni mandhari. Naweza kuziweka picha hizo mbili kando kwa kando, za miaka ileile na zenye ustadi sawa, na tofauti yake ikawa hiyo tu.

Msomaji ataniuliza kwa nini nafanya haraka, ilhali picha zimekwisha kuskaniwa na hazitakimbia. Jibu ni kwamba wanaokimbia ni mashahidi. Tangu slaidi hizi zipigwe, nchi hiyo imepita katika mambo ambayo yangalitosha nchi tatu. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya kaskazini ya mto Kagera, vikafuata vita, na baada yake mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto huo. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa mwanzo wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa Kagera, na kizazi kilichokuwa cha wanafunzi katika slaidi hizi ndicho kilichobeba mzigo wa kwanza wa maradhi hayo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliangusha nyumba nyingi mjini na vijijini, na likaziumiza vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 aliongozwa na masimulizi ya wazee mpaka kwenye mabaki ya ufuaji chuma wa kale huko Katuruka, ameeleza jinsi aliporudi mwaka 2008 alivyokuta wengi wa wasimulizi hawapo tena na masimulizi yamekatika. Kilichotokea kwa masimulizi ya wafalme kinatokea kwa sura za watu wa kawaida.

Niliyoyaona Kamachumu yalinithibitishia hayo. Bibi mmoja, ambaye majirani humwita Ma kwa heshima ya umri wake, hakuitaka kompyuta. Mwanga wake, alisema, unamchoma macho. Nikampa slaidi ya asili ya gatini la Bukoba. Akaiinua mlangoni penye jua, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Huyu mwenye kikapu ni mtoto wa shangazi yangu," alisema. "Hapa alikuwa anakwenda Mwanza mara ya kwanza."

Nikamwuliza kama yungali hai.

"Mwanangu, huyu aliipenda meli. Mara ya mwisho pia alikwenda kwa meli. Mwaka ule wa tisini na sita."

Daftari la mwalimu linasema kuhusu slaidi hiyo: "Abiria, Bukoba." Maneno hayo mawili si uongo. Lakini tangu siku ile siwezi kuyasoma bila kuona aibu, na aibu hiyo si ya mwalimu peke yake. Ni ya kila mmoja wetu aliyefungua faili, akasema picha nzuri, akafunga.

Mpishi naye alijulikana. Wazee wawili walimtambua bila kushauriana, wakanitajia jina lake, kijiji chake na hata namna alivyokuwa akitembea. Jina hilo nimeliandika katika daftari jipya, lakini silichapi hapa. Wajukuu wake wako, na mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba wangependa kwanza kukaa na kuamua kama wanataka babu yao ajulikane kwa picha za kazi ya watu. Mzee mwingine alikataa kabisa picha ya mama yake isambazwe, kwa kuwa alipigwa akiwa katika nguo za shambani. Niliifuta katika nakala nilizoziacha. Wapo watakaosema kwamba nimeharibu historia. Mimi nasema nilikuwa nimemwona mwenye mali kwa mara ya kwanza, na mwenye mali akasema neno lake.

Mambo haya yanarekebishika. Mwezi Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilitoa picha zipatazo 80,000 ziwekwe katika hazina ya Wikimedia, zikiwemo za Walther Dobbertin za zama za utawala wa Kijerumani kwetu. Wasomaji wa kawaida wakaanza kuyasahihisha maelezo yake, na hifadhi yenyewe ikafaidika na masahihisho hayo. Ikiwa maelezo ya serikali yalisahihishika, ya mwalimu mmoja yatashindikanaje?

Kwa hiyo nahitimisha kwa ushauri kwa wale wenye masanduku, na kwa watoto wao. Skanini fremu pamoja na picha. Hifadhini mpangilio wa trei kabla hamjaigusa slaidi ya kwanza. Wekeni nakala moja isiyosafishwa na mashine wala kurekebishwa rangi, katika faili kubwa isiyobanwa, na nyingine ya kutazamia. Slaidi za asili msizitupe, maana zitahitaji jua na jicho tu, wakati faili itahitaji umeme, mashine na programu ambayo huenda kesho haipo. Nakala moja na ije Bukoba, si kwa hisani bali kwa haki. Na kabla hamjafurahia kwamba kazi imekwisha, mtumeni mtu mwenye subira akae na wazee, aandike kwa Kihaya na kwa Kiswahili kila jina litakalotajwa, pamoja na jina la aliyelitaja na siku aliyolitaja.

Mkusanyiko wa mwalimu sasa una madaftari mawili. La kwanza lina mistari 160 na majina machache. La pili, nililoliacha Kamachumu kwa kijana mmoja anayeendelea kuzunguka nalo, lilikuwa na majina arobaini na moja siku nilipoondoka. Bibi yule wa gatini alikuwa ametoa saba. Slaidi aliyoishika nilimwachia. Nilimwambia aiweke mahali pakavu na penye giza, naye akaniuliza kuna faida gani kumweka mtu gizani. Sikuwa na jibu la kitaalamu ambalo lingemfaa.